Siku niliyompeleka Anko kumwona Ndovu

Hii stori ni ya Juni 2012 lakini siwezi kuianzia hapo, lazima nirudi 1993 nikiwa darasa la tano. Shule zikifungwa mama alikuwa ananipeleka kwa Anko kazini nishinde naye ndio nisizurure mtaani. Anko ni ndugu yake mdogo. Alikuwa fundi wa TV na deki za video pale Luthuli Avenue, Nairobi, orofa ya pili, kachumba ka kutosha meza moja na stuli mbili, huko chini spika za maduka zinapiga tangu asubuhi hadi unazizoea huzisikii tena. Kitu ya kwanza alinifunza, kabla hata anionyeshe kushika bisibisi, ni kwamba TV haishikwi ndani eti kwa sababu imechomolewa kwa ukuta. Ile tyubu ya picha inaweza kukaa na moto wake hata stima ikiwa haipo. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, anafunga waya kwa chuma yake, ncha ya pili ya waya anaibana kwa fremu, alafu anaingiza bisibisi polepole chini ya ile kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu, mkono mwingine ameuweka nyuma ya mgongo. Ta! Cheche moja ndogo ya bluu. Sasa ndio anakuambia, haya, lete mkono.

Siku moja akaletewa deki imemeza kanda ikakataa kuitoa. Akaifungua, kanda ikatoka salama, mwenyewe hakurudi kuchukua chochote. Haikuwa na kava wala jina, ni karatasi tu imebandikwa na nambari ya kalamu. Tukangoja jioni watu wapungue, Anko akaweka komeo mlangoni, akaisukuma ndani. Ilikuwa Alien, ile filamu ya 1979 ya Ridley Scott, ya kiumbe kinachoua watu angani.

Kile kiumbe hata hakionekani sana mle ndani, kwa hivyo sio kiumbe kilitushika, ni wale watu. Watu saba na paka mmoja, meli yao inaitwa Nostromo, inavuta mtambo wa madini, mzigo wa tani milioni 20, wako njiani kurudi nyumbani, na kabla ya chochote cha kutisha kutokea unapata mafundi wawili wa chini, Parker na Brett, wanalalamikia bonasi kwamba wao wanapewa kidogo kuliko wale wa juu. Anko alisimama kwa stuli. Kabla awe fundi alikuwa tanboi wa lori, yaani msaidizi wa dereva, Mombasa mpaka Malaba, na akaniambia hawa watu nawajua, nimekula nao Mtito Andei, nimelala nao Salgaa. Baadaye ikijulikana kwamba kampuni iliwapitisha kule makusudi ndio wabebe hicho kiumbe, na kwamba wao wenyewe wakifa ni sawa tu, Anko hakusema kitu, aliinama akawa anakunja waya kwa kidole.

Lakini yetu sisi wawili ilikuwa kiti. Kama umeiona unajua. Watatu wanatoka nje kufuata ile ishara ya redio iliyowaamsha, wanapata meli nyingine imelala hapo tangu zamani sana, wanaingia, na kule ndani kuna kiti kikubwa ajabu kama mzinga umeelekezwa juu, na kwa hicho kiti kuna rubani amekufa hadi amegeuka jiwe, ameshikana na kiti kama amemea hapo, kitu kama mkonga kinashuka kutoka usoni, na mbavu zake zimevunjika kuelekea nje. Wanamtazama. Kapteni wao, Dallas, anasema maneno machache. Wanaendelea na safari yao, na filamu haimtaji tena mpaka mwisho. Yeye ni nani, anatoka wapi, alikuwa anapeleka nini, hakuna.

Tulimwita Ndovu.

Sasa Anko alikuwa na sheria moja kwa wateja wote, usibonyeze pozi ukaacha, kwa sababu kanda imesimama lakini ile ngoma ya deki bado inazunguka inasugua mahali pamoja, unakula kanda yako mwenyewe. Hiyo sheria aliivunja kwa Ndovu. Kila tukifika pale anabonyeza pozi, tunasogea karibu, ananiuliza, huyu alikuwa nani? Mimi nikisema ni mfalme, yeye anasema hapana, ni dereva, angalia anavyokaa. Ni dereva alipewa mzigo na hakuambiwa ni nini amebeba, mzigo ukafunguka njiani. Tuliirudia hiyo kanda likizo baada ya likizo, hadi ile sehemu ya kiti ikaanza kutoa mistari myeupe, na mistari ikaongezeka, kufikia nikiwa fomu two ulikuwa huoni Ndovu vizuri tena, unaona kivuli nyuma ya theluji, na tuliendelea kubishana vilevile, nafikiri hata zaidi.

Miaka ikaenda. Nikaanza kazi, nikaanza kusoma saiba vitu vyote nilikuwa nataka kujua. Siku niliyopata kwamba ndani ya ile suti ya kiumbe kulikuwa na Mwafrika, Bolaji Badejo, Mnaijeria, mwanafunzi wa usanifu London, kijana wa zaidi ya mita mbili ambaye hakuwa mwigizaji na hakuigiza filamu nyingine tena, nilitoka hapo nikatembea moja kwa moja hadi Luthuli. Anko alinifanya nirudie jina mara mbili. Alafu nikamwambia amefariki tangu 1992, yaani sisi tulipokuwa tunamwogopa hapa juu alikuwa ameshaenda. Anko aliweka chuma ya kuchomea chini akakaa. Nikamwambia pia vile Scott aliwavalisha watoto wake wawili wa kiume suti ndogo za anga wasimame karibu na kile kiti kwa picha za mbali, ndio kionekane kikubwa zaidi. Hiyo ilimfurahisha sana. Akasema huyo ni fundi.

So 2012 ndio nikasikia Scott mwenyewe anarudi, filamu inaitwa Prometheus, mambo yaliyotokea kabla ya Alien, na kwa trela nikaona kile kiti. Wakati huo kazi ya deki ilikuwa imeisha kabisa, Anko ameacha chumba cha Luthuli, anatengeneza simu nyumbani Buruburu na macho yameanza kumsumbua. Nilimpigia. Aliuliza swali moja, wataonyesha Ndovu? Nikamwambia ndiyo Anko, hii yote ni kuhusu Ndovu. Nilimwahidi, na nilikuwa naamini.

Ilikuwa Ijumaa na baridi ile ya Juni inaingia mifupa. Alikuja town na koti yake nzuri ya arusi. Nilinunua tiketi, soda mbili, tukapewa miwani ya 3D, akaivaa juu ya miwani yake akaishika na kidole muda wote.

Na ilianza vizuri aki. Yale maporomoko ya maji ya mwanzo, waliyapigia Iceland, na lile jitu jeupe linakunywa kitu cheusi mwili unamwagika ndani ya maji, ukumbi wote kimya. Alafu David, yule roboti wa Michael Fassbender, anatembea peke yake kwa meli wengine wamelala, anacheza mpira, anatazama sinema, anajipaka rangi nywele. Anko alinigonga goti, huyu ni mzuri, akasema. Na enyewe ni mzuri, mpaka leo nikiulizwa kama Prometheus ilifaa kutengenezwa naanza na David.

Shida ilianza wakaingia pangoni. Hawa ni wanasayansi, watu 17 wametumwa mbali hivyo, na mara wameona hewa inavutika wakaanza kuvua helmeti mmoja baada ya mwingine. Anko alishtuka kimwili. Alafu yule wa kupima pango, mwenye vile vyombo vya kuruka vinavyochora ramani, ndiye anapotea. Na mtaalamu wa viumbe anaona mnyama kama nyoka anainuka kutoka kwa maji meusi, mnyama hamjui, ananyoosha mkono amshike. Anko akaninong'onezea, kwa sauti ya huzuni kabisa, hawa hakuna aliyewafundisha kutoa moto kwa tyubu. Hiyo ndio ilikuwa tofauti kwangu pia. Wale wa Nostromo walikuwa watu wa mzigo na bado walijua karantini ni nini, Ripley, mmoja wao, alikataa kufungua mlango mwenzake akiwa nje amebandikwa kitu usoni. Ukiogopea mtu ni lazima kwanza umheshimu kazi yake.

Ikafika sasa. Wanabeba kichwa kikubwa walichookota, wanakipeleka maabara, ni kile kichwa chetu, kile cha mkonga, nilikijua kabla hata wakigeuze. Wanakipima wanasema hii sio mifupa, ni helmeti. Wanaifungua. Ndani kuna uso wa mtu. Mtu mkubwa mweupe, na DNA yake ni sawa na yetu.

Nilimwangalia Anko. Alikuwa ametoa miwani zote mbili ameshika mkononi, anatazama skrini hivyo hivyo ikiwa na ukungu.

Sitasema baada ya hapo hakukuwa na kitu. Ile ya Shaw, yule mwanasayansi mwanamke, kuingia kwa mashine ya upasuaji, mashine inamwambia imepangiwa wanaume tu, na anajipasua akiwa macho atoe kile kilicho tumboni, Anko alinishika mkono hapa juu ya kiwiko kwa nguvu kama za zamani za Luthuli. Na ile David anakaa katikati ya ramani ya nyota zote zinamzunguka anashika dunia kama chungwa, ni kitu ya kupendeza kweli. Hata sikuchukia yule tajiri mzee, Weyland, anayesafiri kote huko kuomba asife. Lakini baadaye jitu linaketi kwa kiti chetu, suti inapanda, mkonga unajifunga, na ni bomba tu. Bomba la hewa. Miaka 19 tumebishana juu ya bomba. Kila kitu kilikuwa wazi, taa ya kutosha, hakuna mstari hata mmoja mweupe.

Tulitoka hatuongei. Tukatembea hadi Tom Mboya kutafuta gari la Buruburu, nilikuwa najisikia vibaya kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mimi ndiye nilimwahidi na yeye ndiye alivaa koti. Nikamwambia pole Anko. Akasema pole ya nini, filamu ni ya mwenyewe, ameamua ni bomba, ni bomba. Tukasimama stage. Makanga anaita, watu wanaingia, sisi tumesimama tu.

Alafu akaniuliza, yule mkubwa aliketi kwa kiti, alifia pale?

Nikafikiria. Nikasema hapana, Janek, kapteni wao, aliigonga meli ya jitu ikaanguka, jitu likatoka, likamfuata Shaw kwa kile chumba kilichoachwa cha Vickers, yule mwanamke wa kampuni, likakabwa huko na yule mdudu mkubwa aliyetoka tumboni mwa Shaw.

Kwa hivyo kiti kimebaki tupu.

Ndiyo kimebaki tupu.

Na Ndovu wetu yuko kwa kiti. Amemea.

Hapo ndio na mimi nikakumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele yangu kwa skrini na sikukitilia maanani, nikaanza kuongea haraka haraka, Anko hata mahali sio pale! Hii ya leo ni LV-223. Pale alipo Ndovu, ile filamu ya pili ya 1986, Aliens, ilipataja, ni LV-426. Ni mahali pengine kabisa, meli nyingine. Na hawa wa leo si wakubwa vile, unakumbuka wale watatu walivyosimama kando yake walivyokuwa wadogo?

Nakumbuka, akasema. Na mbavu za wa leo hazikuvunjika kuelekea nje tukiwa tunamwona kwa kiti.

Hazikuvunjika.

Gari likajaa likaenda. Likaja lingine. Anko alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti na anaangalia barabara lakini haoni barabara, ule uso ninaujua, ni uso wa pozi. Nilimwambia labda wataendelea, watatoa nyingine wamfikie. Akasema wasimfikie. Alafu akanigeukia kabisa.

Kuna kitu hatujawahi kujiuliza, akasema. Mimi nimekaa kwa lori miaka minne. Gari kubwa vile, mzigo vile, safari ya mbali vile, haiendi na mtu mmoja. Tanboi wake alienda wapi?