Usiku Nilipofuta Faili la 2709

Mwaka 2018 nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha fundi mmoja pale Kondele, Kisumu. Yeye alikuwa mzee wa redio na televisheni, mimi kijana wa kompyuta. Meza ilikuwa moja, na stima ikipotea sote tulitoka nje kukaa kwenye benchi.

Kupotea kwa stima ndiko kulikomleta mama mmoja anayeuza mbuta ufuoni Dunga. Friza yake ikizimika usiku, yeye yuko nyumbani amelala, na asubuhi anakuta samaki wamelegea. Alitaka kitu cha kumwamsha kwa SMS. Nilikuwa na bodi ya Raspberry Pi 2 (kompyuta ndogo ya bodi moja), betri, modemu na kihisi cha joto cha DS18B20, nikamwambia aje Jumamosi.

Kufikia Jumatano kila kitu kilifanya kazi. Ningeacha hapo. Lakini nilikuwa na ugonjwa wa vijana wa umri ule: kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, iliyokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu nilipewa na wengine, nami nilitaka yangu, ya Linux yenyewe, niliyoikompaili (kuigeuza kutoka msimbo hadi lugha ya mashine) kwa mkono wangu. Pia nilitaka kukiandika kile kihisi moja kwa moja kwenye faili la maelezo ya bodi.

Bodi za namna hii haziwezi kuiambia kerneli vipande vyake vyote vilipo. Lazima kuwe na faili linalosema: saa iko hapa, pini ziko hapa, kwenye pini ya ishara inayoitwa GPIO 4 kuna kihisi. Linaandikwa kama .dts, yale yanayotumiwa na bodi nyingi yanawekwa kwenye .dtsi, halafu linakompailiwa kuwa .dtb. Desturi ya majina yake ni nzuri kweli: chipu kwanza, bodi baadaye. Ukiona sun7i-a20-bananapi unajua ni chipu ya A20 kwenye bodi ya Banana Pi. Siku hizo mafaili yote ya chipu za ARM za biti 32 yalirundikwa kwenye folda moja, mamia kwa mamia. Kuyagawa kwa folda za watengenezaji kulikuja 2023, kwenye kerneli 6.5. Bila desturi ile ungepotea humo.

La kwangu liliitwa bcm2836-rpi-2-b. Nililiamini kwa sababu nilikuwa nimeisoma chipu yenyewe kwa tochi ya simu: BCM2836, herufi za kijivu juu ya mgongo mweusi.

Alhamisi usiku nikanakili .dtb yangu kwenye kadi ya pili, nakala ya ile ya kwanza. Humo nikakuta mengine: bcm2708, bcm2709, bcm2710. Hizi namba za nani? Nikayaona takataka za bodi nisizokuwa nazo. Kadi ilikuwa imekaribia kujaa, nikayafuta yote.

Nikawasha. Upinde wa mvua ukatokea kwenye skrini, kisha giza. Taa nyekundu imetulia, ya kijani ikapepesa kidogo na kunyamaza. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha chaja, nikakompaili upya hadi karibu alfajiri. Giza lile lile. Kerneli isiyopata faili lake hainung'uniki. Inakufa kimya, na wewe unabaki kulaumu chaja.

Asubuhi mzee akanikuta macho mekundu. "Wewe, kwani hukwenda nyumbani?"

"Sikwenda, mzee. Imekataa kuwaka."

"Na ile kadi nyingine, ya kwanza?"

Nikaiweka, bodi ikawaka. Nikaorodhesha mafaili ya kadi zote mbili, nikayapanga sambamba. Tofauti ilikuwa moja inayoeleweka: kadi ya kwanza ilikuwa bado na bcm2709-rpi-2-b.dtb. Programu ya kuwashia ya Raspberry Pi ilikuwa inamtafuta 2709. Wenye bodi wana namba zao za ukoo wa chipu: 2708 ndiye 2835, 2709 ndiye 2836, 2710 ndiye 2837. Linux nayo ikachukua namba iliyochapwa kwenye chipu. Mtu mmoja, majina mawili.

Hapo nilicheka peke yangu. Nyumbani Bungoma mimi ni Wafula, nilizaliwa mvua ikinyesha. Baba aliwahi kuja Kondele kunitafuta kwa jina hilo, akazunguka stejini saa nzima akiambiwa hakuna mtu kama huyo, kumbe nilikuwa hatua hamsini kutoka aliposimama. Pale wananijua kwa jina la cheti.

Nikalipa faili langu jina la 2709, bodi ikaamka. Lakini kudanganya hivyo hakukunipendeza, kwa hiyo nikalirudishia jina lake na kuongeza mstari mmoja kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwashia: device_tree=bcm2836-rpi-2-b.dtb. Ikaamka tena, na kihisi kikasoma joto la kibanda.

Jumamosi mama alifika na ngege wawili ndani ya gazeti. Alipenda kifaa, akataka cha pili cha friza ya dada yake. Jumatatu nikanunua Raspberry Pi 2 nyingine. Kabla ya kugusa kadi niliwasha tochi ya simu nikainama juu ya chipu. Bodi ilikuwa imeandikwa Raspberry Pi 2, V1.2. Chipu ilikuwa imeandikwa BCM2837.

"Mzee," nikasema, "leo pia nitachelewa."