Siku moja maishani mwangu: nyuzi za cherehani na nyuzi za gitaa

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa Julai, alfajiri ya Lubumbashi huuma, kwa sababu mji wetu umekaa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika kiangazi hakuna wingu la kuufunika ujoto wa mchana usipotee usiku. Ninaamka kabla ya mapacha, ninawasha mbabula, jiko letu la mkaa, kwa makala machache, na wakati maji ya chai yanangoja kuchemka ninaketi kwenye kigoda cha jikoni na gitaa mapajani. Nina umri wa miaka 43. Gitaa hili nililinunua nikiwa na miaka 41 kutoka kwa kijana aliyekuwa anahamia Kolwezi, na mwezi mzima wa kwanza nililificha nyuma ya mabunda ya vitenge, kwa kuwa sikujua nitamjibu nini mtu atakayeuliza mama wa watoto wanne anatafuta nini katika muziki.

Vidole vya baridi havitii amri, kwa hiyo ninavikanda kwanza juu ya mvuke wa sufuria, kisha ninaanza zoezi la dakika moja. Zoezi hili nililipata kwa Justin Sandercoe, mwalimu mzaliwa wa Tasmania, Australia, ambaye masomo yake ya JustinGuitar yako kwenye intaneti bila malipo: unachagua akordi mbili, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, unaiambia simu ihesabu sekunde 60, na wewe unahesabu umehama mara ngapi kutoka moja hadi nyingine. Kati ya re na la leo nimehama mara 44. Kati ya do na fa, ambayo inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, nimehama mara 9, na katika hizo tisa labda nne ndizo zilizosikika kama muziki. Ninaandika tarakimu hiyo katika daftari lilelile la vipimo vya wateja, chini ya kiuno cha bibi harusi wa Jumamosi.

Ninaposema do na fa, ninatafsiri. Mwalimu hufundisha kwa Kiingereza na akordi zake huziita kwa herufi, ilhali mimi nimekulia katika kwaya ya parokia, ambako kila sauti ina jina lake kuanzia do hadi si, kama tulivyofundishwa sote tuliosoma kwa Kifaransa. Wiki tatu za mwanzo nilipotea kabisa. Nilikuwa nikisikia C nadhani ni sauti ya tatu, kwa vile ni herufi ya tatu. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Likasi katika kikundi chetu cha WhatsApp cha wapiga gitaa, mwalimu wa hesabu, ambaye alipiga picha karatasi aliyoiandika kwa mkono: A ni la, B ni si, C ni do, na kuendelea, na chini yake nyuzi sita kuanzia nene hadi nyembamba, mi, la, re, sol, si, mi. Karatasi hiyo imebandikwa hadi leo kwenye mlango wa kabati la vyombo. Hakuna video iliyowahi kunieleza jambo hilo, na simlaumu mwalimu, kwani angejuaje kwamba niko jikoni Kamalondo ninahesabu herufi kwa vidole?

Saa 1 asubuhi

Chai, mkate, viatu vilivyopotea, shule. Ninapanda manseba, pikipiki ya abiria, hadi komuni ya Kenya, hapahapa mjini, nikiwa nimejifunga kitenge kichwani kwa ajili ya upepo wa pikipiki na mikono nimeificha kwapani.

Saa 2 asubuhi

Karakana yetu iko karibu na soko: cherehani mbili za umeme, moja ya miguu, mimi, na wasichana wawili wanaojifunza kazi, ambao huniita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, kama anavyoniita mtaa mzima. Leo tuna nguo za sare kwa familia ya bibi harusi, vitambaa vya watu 14, na kila shangazi anataka libaya lake, yaani blauzi, liwe tofauti na la mwenzake ingawa kitenge ni kimoja.

Kazi hii na gitaa vinagombania vidole vyangu. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zimeota sugu kutokana na nyuzi za chuma, na sugu hiyo, ambayo kila anayeanza huisubiri kwa hamu kwa sababu ndiyo inayomaliza maumivu ya wiki za kwanza, kwangu imekuja na hasara yake: sisikii pini tena. Mwezi uliopita nilitia doa la damu kwenye satini nyeupe kabla sijajua kwamba nimejichoma. Tangu siku hiyo satini huishika msichana mkubwa, na mimi hubaki na vitenge. Kwa bahati Kiswahili hakikujisumbua kutafuta neno jingine. Ninachoshonea ni uzi na ninachopiga ni uzi, na wasichana hunicheka ninapowaambia nileteeni nyuzi, wakiuliza ni zipi.

Saa 5 asubuhi

Umeme umekatika. Wasichana wanahamia kwenye vifungo na pindo za mkono, na mimi ninakaa kwenye cherehani ya miguu, niliyoachiwa na marehemu mama mkwe. Hapa ndipo ninapofanya mazoezi bila gitaa, na hapa lazima nieleze kidogo.

Baada ya akordi za mwanzo nilitaka kupiga kama wazee wa Katanga walivyopiga, kwa gumba na kidole cha shahada peke yake: gumba linashika nyuzi nene, linatembea bila kusimama, na shahada inaimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba. Ndivyo alivyopiga Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Mtu anayesikiliza bila kuona hudhani ni magitaa mawili. Nilipunguza mwendo wa video hadi nusu, nikanakili kila kidole, na baada ya wiki sita nilikuwa na kitu kilichofanana na wimbo kwa mbali, kama nguo iliyokatwa vizuri ikashonwa vibaya.

Nilituma rekodi katika kikundi chetu cha WhatsApp. Mzee mmoja wa Katuba, ambaye amepiga gitaa tangu ujana wake na ambaye haingii kikundini ila anapokuwa na neno, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: «Mama, shahada yako inaimba vizuri, lakini gumba linakimbia kama mwizi. Wewe si fundi wa cherehani? Mguu wako pia unakimbia hivyo?»

Mguu wangu haukimbii. Cherehani ya miguu haikubali; kanyagio linalozungusha gurudumu kwa mkanda likipoteza mwendo, gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika au hujisokota chini ya kitambaa, ndiyo sababu kila mwanagenzi hutumia wiki yake ya kwanza akikanyaga bila uzi wala kitambaa. Wakati huohuo mikono inakwenda njia yake, inageuza kona, inasimama, inaharakisha, na mguu hautakiwi kujua. Miaka 20 nimeufanya mgawanyo huu wa mwili bila kuufikiria, na sikuwahi kuona kwamba ndio uleule wa gumba na shahada. Siku hizi, ninaposhona mshono mrefu ulionyooka, gumba langu la kulia hugonga ukingo wa kitambaa kila mguu unaposhuka. Metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo ya mwendo, nimeizima.

Umeme umerudi saa 6 na nusu. Mshono wa shangazi wa tisa umekwisha.

Saa 7 mchana

Bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mdogo wa kugawana. Wasichana wanalala juu ya mikeka nusu saa, nami ninatazama somo nililolipakua jana usiku, maana mega za intaneti za mchana ninaziweka kwa ajili ya wateja wanaotuma picha za mishono. Somo la leo ni la kubadilisha akordi bila kusimamisha mkono wa kulia. Ninalitazama mara mbili na kulielewa kabisa, jambo ambalo nimejifunza kutolichukulia kwa uzito, kwa kuwa kuelewa na kupiga hukaa katika nyumba mbili tofauti.

Mwaka jana, mwezi kama huu, gitaa lilianza kuvuma vibaya. Kila nikibonyeza uzi wa la ulitoa sauti ya nyuki ndani ya chupa, na vyuma vinavyopita juu ya shingo vilikuwa vimetokeza pembeni hadi vinakwaruza kiganja. Nilirudia masomo yote ya kubonyeza nikiamini kosa ni langu. Kisha nikalipeleka kwa fundi mmoja, ambaye hakulitazama hata dakika mbili kabla ya kusema vyuma vyote vimekwisha na vinahitaji kupigwa tupa, akataja bei iliyokaribia ya gitaa lenyewe. Niliporudi nyumbani nilieleza kikundini kwa uchungu, na aliyejibu ni mwenzetu wa Kolwezi ambaye ni seremala: «Yaya, dada yangu, mbao zimekauka. Usiruhusu mtu alikate.» Alifafanua kwamba hewa ya kiangazi hunyonya unyevu wa mbao, uso wa gitaa hushuka, nyuzi husogelea shingo na kugusa vyuma, na mbao ya shingo husinyaa wakati chuma hakisinyai. Dawa yake ilikuwa kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, sponji ndani yake iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, vyote viwekwe katika mfuko wa gitaa na mfuko ufungwe. Baada ya siku kumi nyuki alihama.

Saa 11 jioni

Shangazi wa tano amekuja kujaribu na ameongezeka kiuno tangu tulipompima, au daftari langu limesoma zoezi la akordi badala ya kipimo, hatukulijadili. Tumeachia sentimita tatu.

Saa 3 usiku

Leo ni Alhamisi. Tuko 17 katika kikundi, wengi wa hapa, wengine Likasi na Kolwezi, wawili Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, na kila Alhamisi kila mmoja hutuma rekodi isiyozidi dakika moja, bila kuisafisha, na hakuna rekodi inayoruhusiwa kulala bila kujibiwa. Sheria ya pili ni kwamba jibu lazima litaje kitu cha kurekebisha. Pongezi tupu tulizipiga marufuku tulipoona watu wanapongezana miezi mitatu bila mtu kusonga mbele. Dereva wa lori wa Ndola alitaka kujitoa wakati huo, akidai tunamvunja moyo, na sasa ndiye mkali kuliko wote.

Mapacha wameketi sakafuni, mmoja ameshika simu. Ninapiga. Katikati ya wimbo shahada inakosa uzi, na zamani ningesimama na kuanza upya, lakini gumba limeendelea peke yake, na shahada ikapata nafasi ya kuingia tena kama mtu aliyechelewa misa. Tunatuma hivyo hivyo.

Kaka wa Likasi anajibu wa kwanza: uzi wa si uko chini kidogo, uvute. Ni kweli, umelegea. Dereva anasema nimemaliza ghafla. Mzee wa Katuba anakaa kimya kwa muda mrefu, kisha anatuma ujumbe mrefu ambao nusu yake unahusu enzi zao, walipokuwa wakiubana ukingo wa sahani ya santuri kwa kidole ili izunguke polepole na wapate kusikia gumba limekwenda wapi, hadi mwenye santuri aliwafukuza. Mwishoni anasema: «Gumba limetulia. Sasa shahada ndiyo inayoogopa. Nipigie tena Alhamisi, mwendo uleule, usiongeze.»

Saa 4 usiku

Ninauvuta uzi wa si, ninalowesha sponji na kuikamua, ninafunga mfuko. Somo linalofuata linapakuliwa polepole, asilimia 12, na bibi harusi ameandika kuuliza kama bado kuna nafasi ya kubadilisha kola.