Sista Gloria na Rula Yake

Dada wa burudani, mwanafunzi mwenzetu aliyesimamia starehe za shule, alikuwa ameagizwa kanda ya dini. Ndivyo sista mlezi alivyomwambia alipompa hela ya kukodi na kumpandisha kwenye pikapu ya shule iliyokuwa inashuka mjini kufuata unga. Kijana wa duka la kanda akamsikiliza, akapekua kabati, akasema: "Chukua hii. Shule ya Kikatoliki, sista yumo, padri yumo, na mashetani yanapigwa." Hakudanganya hata neno moja.

Ilikuwa Night of the Demons 2, ya mwaka 1994, mwaka uleule Tanzania Bara ilipoanza kuwa na vituo vyake vya televisheni. Sisi tulikuwa na runinga moja na deki moja, vikifungiwa ofisini kwa sista mpaka Jumamosi ya enta, usiku wetu wa burudani. Bwalo likajaa, Fomu Wani chini sakafuni, sista kwenye kiti chake pembeni na rozari mkononi.

Hadithi ilipofika shuleni kwao, St. Rita's, akatokea mtawa mkali anayeitwa Gloria, rula ndefu haimtoki mkononi. Bwalo zima likageuka kumtazama sista wetu, ambaye naye alikuwa na rula yake ya kupimia sketi zetu. Akajifanya hatuoni.

Halafu nguo zikaanza kuvuliwa. Sista aliruka kwa kasi tusiyoidhania, akasimama mbele ya runinga na kuitandaza kanzu yake kulia na kushoto. Dada wa burudani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuchungulia, kwa ajili ya kutoa taarifa.

"Wameshavaa?"

"Bado, Sista."

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo wamezidi, Sista."

Nilidhani kanda itatolewa palepale. Haikutolewa, na nadhani ni kwa sababu ya Gloria. Sista alitaka kujua yule mwenzake atafanya nini.

Wanafunzi wale wanatoroka usiku wa Halloween ("Mkesha wa Watakatifu Wote," sista akatusahihisha) kwenda Hull House, jumba alikobaki Angela, msichana aliyepagawa na shetani, tangu sinema ya kwanza ya 1988. Amelia Kinkade ndiye Angela katika zote mbili. Mashetani ya jumba lile hayawezi kuvuka mkondo wa maji unaopita chini ya ardhi, lakini msichana mmoja anabeba rangi ya mdomo kutoka ndani, na Angela anatoka nayo. Kufumba na kufumbua yuko dansini shuleni, na mdogo wake mwenyewe anasoma palepale. Rafiki yangu aliwatafsiria Fomu Wani, na pale Kiingereza kilipomshinda alitunga. Kwa tafsiri yake, Angela alikuwa amekuja kudai ada.

Tulipiga mayowe, tukacheka, tukapiga mayowe tena. Mwongozaji, Brian Trenchard-Smith, alijua fika kwamba anatengeneza upuuzi, na aliutengeneza kwa bidii ya fundi. Sinema nyingi za kutisha za wakati ule zilinichosha kwa kujifanya nzito. Hii haikujifanya. Na kilichonishangaza zaidi ni huyo mtawa. Anaanza kama kichekesho, kikongwe wa sheria na rula, halafu shule inapovamiwa yeye ndiye jemadari. Vijana wanajaza maji ya baraka kwenye baluni na bastola za kuchezea, na mashetani yanayeyuka. Gloria anamkabili Angela kwa rula, kama upanga.

Hapo sista wetu alikuwa wima, safari hii hazibi kitu. Rozari ilining'inia kwenye kidole kimoja. "Mpige!" alikuwa anasema, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya gwaride. "Mpige huyo! Msimsogelee, mwacheni Sista afanye kazi!"

Taa zilipowashwa akakaa, akapangusa miwani, akamwita dada wa burudani.

"Umesema hii ni ya pili?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa hiyo ya kwanza ipo."

Jumamosi iliyofuata ya kwanza ikaletwa. Sista alivuta kiti chake karibu zaidi na runinga. Vijana wakaingia Hull House, muziki, giza, kelele. Akavumilia kwa muda.

"Mbona simwoni Sista?"

Dada wa burudani akasema humu hayumo. Humu hakuna mtawa kabisa.

"Zima hiyo takataka," akasema. "Mkalale."