Nilipungua kilo 14, nywele zikaanza kunyonyoka

Mwezi wa nne mwaka 2024, siku mbili kabla ya Idi, nilikwenda kwa msusi wangu wa siku zote hapa Tabata, Dar es Salaam, nikasuka rasta. Mwili ulikuwa umepungua, gauni la Idi lilikuwa limerudi kwa fundi mara mbili kubanwa, na kila aliyeniona alinisifu. Wiki tatu baadaye nikakaa sebuleni kufumua, binti yangu wa miaka saba akinisaidia upande wa kisogoni. Tulipomaliza, mfuko tulioweka miguuni ulikuwa na nywele nyingi, na sisemi rasta, nasema nywele zangu. Binti akashika fungu moja akaligeuzageuza, akaniuliza taratibu, "Mama, hizi si zako?"

Siku ile nilijifariji, na faraja yenyewe ilikuwa na ukweli ndani yake. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ukiwa umesuka hazina pa kwenda, zinabaki zimeshikwa ndani ya msuko. Wiki tatu ni siku 21. Piga hesabu, nywele elfu moja mpaka elfu mbili zinakusubiri siku ya kufumua. Kwa hiyo fungu kubwa siku hiyo peke yake si la kukutoa machozi. Kilichonitoa machozi kilikuja baadaye. Niliosha kesho yake, beseni likajaa tena. Nikachana keshokutwa, chanuo likajaa. Wiki ikaisha, mbili zikaisha, nikivua mtandio nakuta nywele zimenasa kwenye kitambaa, nikiamka nazikuta kwenye mto. Nilianza kuogopa kujishika kichwa.

Lawama ya kwanza nilimpa msusi. Nilimwambia amenivuta sana, na nikasema mbele ya wateja wengine. Nilimwonea. Misuko ya kubana inaharibu nywele kweli, nimeona wanawake walioisha kabisa nywele za mbele kwa ajili hiyo, ila inaharibu pale inapovuta: pembezoni mwa uso, juu ya masikio. Zangu zilikuwa zinatoka kichwa kizima, utosini sawa na kisogoni.

Baada ya lawama nikaingia kwenye dawa. Mafuta ya nyonyo kila usiku. Maji ya kitunguu yaliyonifanya nilale na harufu ambayo mume wangu aliivumilia bila kusema neno, Mungu amlipe. Maji ya mchele. Kwenye duka moja la dawa niliuziwa vidonge vya biotini, aina ya vitamini, na kuambiwa ndani ya wiki mbili nitaona tofauti. Nikaacha hata kuosha nywele, maana niliona maji ndiyo yanayozitoa. Nilikaa wiki mbili bila kuosha, na siku nilipoosha zilitoka nyingi kuliko siku zote, kwa sababu zilikuwa zimeshaachia zamani, zimekaa tu pale zinangoja mkono. Jumla nilitumia zaidi ya shilingi 80,000. Hakuna kilichosaidia.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kuliandika, lakini nisipoliandika nitakuwa sijasema yote. Kwetu mwanamke akikonda haraka na nywele zikapungua, watu wana jibu lao tayari. Mama mdogo alikuja kutoka Tanga, akanitazama muda mrefu, akanivuta chumbani. "Mwanangu, kama kuna kitu unaumwa niambie mimi. Mimi si mtu wa nje." Nilimwambia ni dayati tu. Aliitikia kwa mdomo, macho yakakataa. Mtandio ulinisitiri barabarani na kazini, lakini kwenye sherehe za wanawake, ambako wote tunafunua vichwa, nilianza kutafuta sababu za kutokwenda.

Aliyenifumbua macho ni msusi yuleyule niliyemwonea. Nilirudi kwake mwishoni mwa mwezi wa tano nikitaka anikate, zibaki fupi. Kabla ya kushika mkasi akachomoa unywele mmoja uliokuwa umeanguka begani kwangu, akauweka juu ya taulo jeusi, akasema, "Dada, hizi hazikatiki. Zinanyonyoka. Angalia hapa."

Nikaangalia. Kwenye ncha ya unywele palikuwa na kinundu cheupe, kidogo kuliko punje ya ulezi. Akanieleza alichojifunza kwa mikono yake miaka yote: nywele iliyokatika haina kile kinundu, imepasuka tu katikati, na tatizo lake ni ukavu, dawa kali au kuchanwa vibaya. Yenye kinundu imetoka na mwisho wake wa chini, na hiyo sababu yake haiko juu ya kichwa. "Mimi mafuta nauza, lakini wewe nenda hospitali." Nilimwomba radhi palepale, mbele ya waliokuwepo. Hakunikata siku ile.

Daktari wa ngozi aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Hakuniuliza natumia shampuu gani. Aliniuliza, "Miezi mitatu minne iliyopita palitokea nini? Ulijifungua? Homa kali? Upasuaji? Msiba?" Nikasema hakuna. Akauliza, "Uzito?"

Hapo ndipo nikahadithia. Nilianza tarehe 8 mwezi wa kwanza nikiwa na kilo 91. Asubuhi maji ya moto na ndimu, kisha juisi ya tango na tangawizi. Mchana tikiti maji. Usiku kabichi ya kuchemsha na karoti, bila mafuta. Yai mara mbili kwa wiki, samaki nadra, maharage niliyaacha kwa kuwa niliambiwa yananenepesha. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nikafuturu kwa tende tatu na uji mwepesi, daku nikanywa maji. Siku ya Idi mizani ikasoma 77. Kilo 14 kwa miezi mitatu, nami nikamshukuru Mungu kwa nidhamu aliyonipa.

Alinielekeza nipige hesabu kurudi nyuma, na hili ndilo ningependa kila anayejinyima kula alijue kabla hajaanza. Kila unywele una zamu yake. Unakua miaka miwili mpaka sita, kisha unaacha kukua na kupumzika kama miezi mitatu, halafu unaanguka kupisha mwingine. Siku za kawaida, kama mmoja kati ya kumi ndio uliopumzika, na kwa kuwa hauendi mapumzikoni pamoja na wenzake, huoni pengo. Chakula kikipungua ghafla, mwili unapeleka kidogo ulichonacho kwenye moyo, ubongo na viungo vingine ambavyo haviwezi kungoja, na nywele nyingi zinasukumwa mapumzikoni kwa pamoja. Lakini hazianguki siku hiyo. Zinabaki kichwani miezi miwili mitatu, nzima, nzuri, zinasukwa rasta za Idi. Ndiyo maana mtu analaumu msuko wa juzi au maji ya bomba, wakati nywele zinazoanguka mwezi wa tano zilishaamuliwa mwezi wa pili, juu ya sahani ya kabichi.

Akanishika nywele kama 50 au 60 kati ya vidole, akavuta polepole. Zikabaki tisa mkononi mwake. Akazihesabu mbele yangu, akasema zikizidi asilimia kumi ya zile alizoshika ni dalili kwamba zinaendelea kutoka. Nikapelekwa maabara. Kabla ya hapo aliniagiza niache biotini siku kadhaa, kwa maana vidonge vile vinaweza kudanganya baadhi ya vipimo, hasa vya tezi ya shingo, na nywele pia hutoka kwa maradhi ya tezi hiyo. Pia nikapima kile ambacho mama mdogo alikuwa anakiwaza, kwa hiari yangu mwenyewe. Majibu yalikuwa salama, na nilimpigia simu siku hiyohiyo. Alilia.

Tezi ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa damu: 10.4, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, ilikuwa 9. Nilikuwa nimekausha ghala. Kumbe ule uchovu wa kupanda ngazi, moyo kwenda mbio, na hamu ya kutafuna barafu iliyonishika tangu mwezi wa tatu, vyote vilikuwa ni hicho kimoja.

Sikupewa mafuta wala sindano ya kichwa. Nilipewa vidonge vya chuma, na nikaambiwa nisimame kupungua kwa miezi miwili. Hili la pili lilikuwa gumu kwangu kuliko vidonge, ingawa vidonge navyo vina shida zake. Vinafunga choo na kukifanya cheusi, usishtuke. Nilijua nikianza kula mizani itapanda, na kweli ilipanda kilo tatu. Kuna asubuhi nilisimama juu ya mizani nikahisi nimepoteza vyote viwili, mwili na nywele. Mume wangu akaichukua ile mizani akaiweka juu ya kabati. Nikamwachia.

Mtaalamu wa lishe alinipa kazi ya kuandika kila nilichokula, akanionyesha kwamba kwa siku nilikuwa sifikishi hata gramu 25 za protini. Nywele zenyewe ni protini. Kwa uzito wangu alitaka nifike karibu gramu 80. Niliposikia hivyo nikafikiri nitafilisika kwa nyama, kumbe vitu vyenyewe viko sokoni kwetu Tabata. Mayai mawili asubuhi, gramu 12. Mchana kikombe cha maharage, 15, na kipande kizuri cha samaki, kama 25. Usiku dagaa wakavu, konzi moja iliyojaa, karibu 18. Kikombe cha mtindi, 8. Hao dagaa ndio walioniokoa mfukoni. Nawachambua vichwa, nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga kidogo na nyanya, kitunguu na pilipili hoho, namalizia na ndimu. Ugali wa dona nimeurudisha, kiasi cha ngumi yangu. Maini mara moja kwa wiki.

Ile ndimu si ya ladha tu. Chuma cha kwenye mchicha, matembele na maharage hakiingii mwilini kwa urahisi, na ndimu au chungwa vinakisaidia kuingia. Chai inafanya kinyume chake. Mimi ni mtu wa Tanga, chai ya rangi nilikuwa nashushia kila chakula, na nilikuwa nimeongeza vikombe wakati wa kujinyima ili kuua njaa. Sasa nakunywa saa moja na zaidi baada ya kula. Nimeizoea, ila mwezi wa kwanza nilikuwa natazama saa.

Nywele hazikuacha kutoka mara moja. Daktari alinionya kabla, na bila onyo lile ningekata tamaa, kwa sababu mwezi wa sita wote na nusu ya wa saba ziliendelea kutoka nami nikila vizuri. Zilikuwa zile zilizokwisha kuachia. Katika kipindi hicho nilifanya machache tu. Nilizikata, zikabaki kama vidole viwili, na msusi alizikata kwa upole kama anayemhudumia mgonjwa. Niliosha mara moja kwa wiki bila hofu, nikachana na chanuo lenye meno mapana zikiwa na unyevu. Sikutia dawa ya nywele, sikusuka rasta. Nikitaka kusuka, twende kilioni kubwa, legelege, za nywele zangu mwenyewe. Na niliacha kuhesabu. Kabla ya hapo nilikuwa nazikusanya kwenye kopo bafuni na kuzihesabu kila siku, na kila hesabu iliniharibia siku nzima.

Mwezi wa nane niliosha, beseni likabaki na nywele chache. Nikasimama pale bafuni nikimimina maji mara ya pili ili nihakikishe. Mwezi wa kumi nikaanza kuona vinywele vifupi vimesimama pembezoni mwa uso, laini kama malaika ya mkononi, havilali hata ukivipaka mafuta. Damu nayo ilikuwa imepanda hadi 12.6. Nikashusha mizani kutoka kabatini.

Nimerudi kupungua, ila sasa nusu kilo kwa wiki ikizidi sana, na zipo wiki ambazo hakuna kinachopungua na nazikubali. Natembea jioni na jirani yangu kutoka Segerea mpaka nyumbani. Nimefika kilo 72. Yule jirani naye ameanza na maji ya ndimu na matango, na nimempelekea dagaa nyumbani kwake mara mbili.

Idi iliyofuata nilikwenda kusuka. Msusi akapitisha vidole kuanzia mbele kwenda nyuma, akasimama, akanivuta karibu na dirisha kwenye mwanga. Nywele zilikuwa za namna mbili, zile ndefu za zamani, na chini yake zimejaa nyingine urefu wa kidole, zote sawasawa, kama shamba lililopandwa siku moja.

"Hizi ulizikata?"

"Hapana," nikamwambia. "Hizo zimeota."

Akachukua kitana akaanza kugawa, taratibu sana, huku akiniambia nimwambie akivuta.