Nilivyoacha kuwawinda matapeli wa msaada

Nilikabidhiwa mfuko wa kusaidiana wa kikundi chetu muda mfupi baada ya mtu mmoja kuchangiwa matibabu ya mgonjwa ambaye hakuwahi kuwepo. Wanachama walikuwa na hasira, na mimi niliwazidi wote. Mzoefu mmoja akanishauri: "Kaza masharti. Mwenye shida ya kweli atavumilia." Ushauri ule unaniuma hadi leo.

Nikatunga fomu ya kurasa nne: kitambulisho, barua ya mwajiri, wadhamini wawili, kisha mwombaji ajieleze mbele ya kamati nzima. Maombi yakapungua sana, nikafurahi. Baadaye ndipo nikayapitia yale tuliyokubali. Yalikuwa safi mno, mihuri yote ipo. Tapeli ana muda wa kutafuta mihuri. Asiye na kazi barua ya mwajiri ataitoa wapi? Mama mmoja aliichukua fomu, akaisoma hadi mwisho, akairudisha mezani bila kusema neno. Nilikuja kusikia kwamba aliuza cherehani yake, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Kosa hili ni la zamani. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 ilitaka mwenye nguvu za kufanya kazi apate msaada ndani ya nyumba za kazi tu, yaani makazi ambamo maskini walilazwa na kufanyishwa kazi, na maisha humo yalifanywa magumu kwa makusudi kuliko ya kibarua wa chini kabisa. Wapo waliochagua njaa kuliko kuingia. Fomu yangu ilifanya kazi ileile.

Nikaichana. Sasa nakwenda mwenyewe, nakaa, nasikiliza, na kabla ya kuaga nauliza: "Unamjua nani mwenye hali ngumu kuliko yako?" Baba mmoja aliyedaiwa kodi alinijibu kabla sijamaliza: mzee wa chumba cha nyuma, hajatoka siku tatu. Mwingine alibadilisha mazungumzo papo hapo. Simhukumu mtu kwa jibu hilo peke yake, maana huzuni nayo hufunga mdomo. Lakini majina nayaandika, na jina likitajwa na watu watatu wasiojuana, naondoka siku hiyohiyo kumtafuta mwenye jina hilo. Wengi tuliowapata hivyo hawakuwahi kuomba. Qurani, sura ya pili aya ya 273, inawataja watu wa namna hii: asiyewajua huwadhani wana mali, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba.

Kodi na dawa huwa tunamlipa mwenye nyumba au duka moja kwa moja. Na wizi mkubwa kuliko wote niliougundua ulikuwa ndani ya kamati yenyewe, mwenzetu akiwapitisha jamaa zake. Siku hizi hakuna anayeamua ombi la ndugu yake, na daftari liko wazi kwa kila mwanachama. Matapeli wachache bado wanapenya, na nimekubali hivyo.

Yule mama nilimfuata kwake. Cherehani ilikuwa imeshauzwa mara ya pili, haikupatikana, tukamnunulia nyingine. Hakujaza karatasi yoyote.