Chianti: vijiji viko juu, andaa baiskeli kwa kilomita ya mwisho

Ukiitazama ramani ya Chianti, kati ya Firenze na Siena nchini Italia, utaona kilomita 10 hivi kutoka kijiji cha Castellina hadi cha Radda, na nyingine kama hizo hadi Gaiole. Kwa macho ni safari ya asubuhi moja. Ramani haikwambii kwamba Firenze na Siena ziliigombania ardhi hii kwa vita, na kwamba Castellina na Radda ziko kwenye migongo ya vilima ili adui aonekane akiwa bado mbali. Kwa mwendesha baiskeli, urithi huo una maana moja: kijiji kiko juu. Mara nyingi mwinuko mkali huja mwishoni, miguu imeshachoka, na lami ikifika langoni humkabidhi mtu kwa mawe. Baiskeli basi iandaliwe kwa kilomita hiyo ya mwisho, wala si kwa wastani wa siku nzima.

Gia ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, wanapanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 8 kwa saa. Kazi hiyo inadai karibu wati 185, gia iwe ipi. Gia inaamua tu nguvu hiyo inatokaje mguuni. Meno 34 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedali unasogeza baiskeli mita 2.55, kwa hiyo miguu inazunguka mara 52 tu kwa dakika na magoti ndiyo yanayolipa. Meno 34 nyuma, unazungusha mara 63. Meno 36, mara 67. Kwenye kilima kimoja tofauti hiyo huihisi sana. Kwenye cha nne ndiyo inayoamua kama unafika umeketi au unaikokota baiskeli. Gia ya 34 kwa 34 ndiyo nzito kabisa ninayoweza kumshauri mtu wa kawaida kuja nayo huku, na sioni aibu yoyote kwenda ndogo zaidi. Mjini Siena, mtaa wa Via Santa Caterina, ambao mbio za baiskeli za Strade Bianche, zilizoanza 2007, huupanda kabla tu ya kumalizia kwenye uwanja wa Piazza del Campo, unafika asilimia 16, tena juu ya mawe.

Kufunga gia kubwa ya nyuma hakuishii kwenye gia yenyewe. Kibadilisha gia chenye mkono mfupi hakiwezi kuibeba, na mnyororo wa zamani huenda ukawa mfupi. Upime hivi: upitishe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuuingiza kwenye kibadilisha gia, uvute ncha zikutane, kisha ongeza pingili mbili. Ukiwa mfupi kuliko hapo, siku utakapoingia kubwa kwa kubwa bila kukusudia utang'oa kibadilisha gia chote.

Skrubu yenye herufi L, inayoweka mpaka wa kibadilisha gia upande wa spoki, nayo usiiache. Ingiza gia kubwa ya nyuma, kisha sukuma kibadilisha gia kwa kidole kuelekea spoki. Kisisogee zaidi. Kikisogea, mnyororo utaruka ndani ya spoki siku ile ile unayokanyaga kwa nguvu zote kwenye mwinuko. Baiskeli iliyosafiri kwa ndege ikaguliwe hapa kwanza, kwa sababu kipande kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu hupinda kirahisi sandukuni. Simama nyuma ya gurudumu uangalie: viroda viwili vidogo na gia za nyuma vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Tairi za milimita 28 zinatosha kwa lami. Kwa anayetaka kuingia kwenye barabara nyeupe za vumbi, 32 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kilo 75 anza na psi 68 mbele na 72 nyuma kwenye tairi za 28. Kwenye za 32 anza na 52 na 56. Upepo ukizidi, tairi inadunda juu ya mawe na gurudumu la nyuma linateleza kila ukisimama kwenye pedali. Ukipungua mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu ya namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo.

Mawe yana mbinu yake. Shuka gia kabla hayajaanza, mnyororo ukiwa mwepesi. Kaa kwenye ncha ya mbele ya siti, inamisha viwiko, shika hendeli kama mtu anayebeba yai. Uzito ukibaki nyuma sana, gurudumu la mbele linanyanyuka. Ukisimama, la nyuma linapoteza mshiko. Mipasuko kati ya mawe uikate kwa pembe, usiifuate kwa urefu wake. Na kwenye uchochoro wenye watu, shuka utembee.

Barabara nyeupe ni changarawe ya chokaa. Zikikauka, magari huacha njia mbili zilizoshindiliwa. Pita humo, kwa sababu katikati na pembeni, hasa kwenye kona, kokoto zimelegea. Kwenye miteremko hutokea vijituta vilivyopangana kama mbavu: nyanyuka kidogo kwenye siti, acha magoti yanywe mtikisiko. Mvua ikinyesha, vumbi hugeuka uji unaosaga pedi za breki na kunata kwenye mnyororo. Njia ya kudumu ya L'Eroica, tukio la waendesha baiskeli lililoanza Gaiole mwaka 1997, ina alama zake, na kipande cha kupanda hadi ngome ya Brolio kati ya miberoshi mirefu ni mwanzo mzuri kwa asiyezizoea.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Breki inayoshikiliwa muda wote haipati nafasi ya kupoa. Kwenye diski, pedi hung'aa na kupoteza ukali. Kwenye breki za rimu, joto huweza kupasua tyubu. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, bana tena, na mwendo wote uupunguze kabla ya kona. Ndani ya kona pedali ya nje iwe chini, macho yatazame unakotokea. Pedi ikibakiwa na chini ya milimita 1 ya kusugua, ibadilishe kabla ya safari.

Njia ninayoipenda inaanzia Greve, mita 236, kwenye uwanja wake wa pembetatu. Barabara ya SR222 inapanda taratibu hadi Panzano, karibu mita 500, inashuka bonde la mto Pesa, kisha inapanda tena hadi Castellina, mita 578. Mpando huo wa pili ndio wa kuuwekea akiba. Kutoka hapo hadi Radda uko mgongoni mwa kilima, juu chini juu chini, na kutoka Radda unamalizia kwa kuteremka hadi Gaiole, mita 360. Greve na Gaiole zilikuwa masoko ya bondeni, ndiyo maana ziko chini. Jumla ni kama kilomita 40. Mwenye miguu iliyobaki aongeze Volpaia, kijiji kidogo cha mawe juu ya Radda, zaidi ya mita 600.

Sheria ya Italia inataka mwendo wa mstari mmoja nje ya maeneo ya makazi. Huko huko, kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla halijachomoza, fulana inayoakisi mwanga ni lazima, na kwenye mahandaki pia.

Beba chupa mbili za maji, na ule kiasi cha gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza kabla njaa haijabisha. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, kwa hiyo jaza chupa asubuhi. Kwenye bomba la uwanjani soma kibao kwanza: kikiandikwa "acqua non potabile", maji hayo ni ya kunawa uso tu.