Usimchomekee mwenzio wimbini

Nane Nane hii wakati nusu ya jiji la Mbeya iko kwenye maonesho pale viwanja vya John Mwakangale sisi watano tukakodi Noah tukashuka zetu Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Asubuhi Uyole watu wamevaa makoti, tukapita Tukuyu na migomba yake na chai, tukazidi kushuka mpaka kila mtu anavua sweta, maana Mbeya ipo karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na ziwa lenyewe lipo mita 470 na kitu tu. Juu ya keria nimefunga ubao wangu wa sefingi na njia nzima watu wanauliza ule mlango unaupeleka wapi.

Sefingi ni kuteleza juu ya wimbi umesimama kwenye ubao, mi nilijifunzia Durban kule Afrika Kusini nilipokuwa nasoma. Wengi wakisikia ziwa wanafikiria maji yametulia kama ya kwenye beseni, ila Nyasa sivyo kabisa. Ziwa lina urefu unaokaribia kilomita 580 na Matema ipo kule mwisho kaskazini, sasa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi mwera unavuma kutoka kusini, unayasukuma maji njia yote hiyo, yakifika kwetu ni wimbi la kueleweka. Yanakuja harakaharaka na yamebanana, si kama ya bahari ambayo yanakuja mafungu mafungu alafu panatulia unapumua kidogo. Na maji yasiyo na chumvi hayakubebi vizuri kama ya bahari, kwahiyo ukija na ubao mwembamba utahangaika, wangu ni mrefu na mnene na kwa hapa ndo unafaa.

Durban wikiendi watu wanajaa majini mpaka unajiuliza wimbi moja litagawanywaje, na ukweli ni kwamba haligawanywi, linapandwa na mtu mmoja. Ndo maana kabla hata sijajua kusimama nilifundishwa sheria hii: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, hilo ni lake. Wewe mwingine unaacha, hata kama umeshapiga mikono mpaka mabega yanawaka moto. Ukiingia mbele yake umemchomekea, ni kitu kilekile cha daladala kuchomekea foleni pale Mwanjelwa, ila huku mwenzio hana breki na wote wawili mna mbao ngumu chini ya miguu. Mengine yanatokana na hilohilo, ukirudi ndani unazunguka pembeni usipite kwenye njia ya anayekuja, kamba iwe mguuni muda wote ubao usije ukakutoka ukampiga mtu, na ukikosea unainua mkono unaomba radhi palepale, husubiri mpaka ufike nchi kavu.

Basi nikafika Matema na hizo sheria zangu kichwani nikajiona niko kamili.

Maji yamejaa watoto, nadhani shule zilikuwa zimefungwa maana walikuwa wengi sana, kila mmoja na kipande cha mbao, wengine na vipande vya mitumbwi iliyokufa, wanalala kifudifudi wimbi linawabeba mpaka mchangani huku wanapiga kelele za furaha. Mi nikaenda mbele yao kidogo kule wimbi linakoanza kuinuka, ubao mkubwa unadaka wimbi mapema sana, nikasimama, nikateleza, nikarudi, tena na tena, nusu saa nzima nina raha ya ajabu, upande mmoja Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, we acha tu.

Nilipotoka kupumzika kulikuwa na babu mmoja anageuza usipa wake mchangani. Nikamsalimia, mugonile babu. Akaitikia vizuri, akageuza geuza wale dagaa, alafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hawa watoto wamekukosea nini?"

Nikashtuka, nikamwambia hapana babu, hawajanikosea kitu.

"Mbona kila wimbi linalokuja unalichukua kabla halijawafikia?"

Niligeuka kuangalia majini nikaona. Wale watoto walikuwa wamesimama maji ya kiunoni na vibao vyao wananiangalia mi, na walikuwa wamenyamaza. Kwa sheria ya Durban sikumchomekea mtu hata mmoja, mi ndo nilikuwa karibu na wimbi kila mara, ila nilikuwa karibu kwa sababu nina ubao mkubwa na wao wana vipande vya mbao. Hata Durban wenye mbao ndefu wanalalamikiwa kwa jambo hilihili, nilishalisikia mara nyingi, sikuwahi kufikiria kuna siku litakuwa linanihusu mimi. Iliniuma kwa kweli.

Nikamwambia babu samahani, akasema kawaombe wao, ziwa si langu.

Nikarudi. Safari hii kabla ya kupiga mkono hata mmoja nikawasalimia, nikauliza majina, nikawaambia naomba na mi nikae kwenye foleni. Kitu kidogo tu ila maji yalibadilika palepale, kelele zikarudi. Nikawa napanda moja naachia matatu manne, na katikati hapo nawapandisha kwenye ubao wangu mmoja mmoja nawasukuma, kuna binti wa miaka kama minane alisimama jaribio la pili, mi ilinichukua wiki mbili kusimama!

Na wao wakanifundisha ya kwao. Mtumbwi wa wavuvi ukiingia au kutoka wote mnatoka njiani, hakuna cha wimbi la nani, yule yupo kazini. Ukitoka na ubao usipite juu ya usipa ulioanikwa. Na kule mto Lufilyo unakoingilia ziwani hawaogelei kwa sababu ya mamba na viboko, hata mawimbi yawe mazuri vipi, kwahiyo ukija mgeni uliza wenyeji kabla hujalowesha mguu.

Saa kumi na moja jua linashuka, wenzangu wananiita gari inaondoka. Nikawa nasubiri la mwisho, likaja moja zuri kweli, limeinuka taratibu na limenyooka, yule binti yuko karibu nalo kuliko mimi kwahiyo nikaacha mikono ikae. Akaliangalia, akaniangalia, akashikilia kibao chake kifuani akapiga kelele, "Lako hilo anko, nenda!"

Nikaenda.